A Voice in the Wind: riwaya niliyoisoma kwa sauti ya Kiswahili

Riwaya nyingi za Kikristo nimeziacha katikati. Ukifika ukurasa wa kumi umeshajua yote: dada ataomba, kazi itapatikana, mume ataokoka. A Voice in the Wind ya Francine Rivers haikunifanyia hivyo. Ilitoka Marekani mwaka 1993, mimi nimekutana nayo Julai hii kwenye meza ya vitabu vya mtumba pale Mwanjelwa, na ile baridi ya Mbeya ilinikuta nimejifunika blanketi, sitaki kulala.

Hadassah ni binti wa Kiyahudi anayemwamini Yesu. Mwandishi amemfanya baba yake kuwa yule kijana wa Naini aliyefufuliwa na Yesu akiwa njiani kwenda kuzikwa. Sasa ni mtu mzima, mfinyanzi. Mwaka 70 jeshi la Kirumi chini ya Tito linauzingira Yerusalemu, njaa inaingia, ndugu wote wa Hadassah wanakufa. Yeye anachukuliwa mateka na kuuzwa, hadi anaangukia Roma, mjakazi wa Julia, binti wa tajiri aliyelelewa kwa kudekezwa.

Kilichonishika ni hofu yake. Hadassah anaomba usiku, peke yake, na mchana anatumika kwa moyo wote, lakini akitaka kuwaambia mabwana zake habari za Yesu ulimi unakauka. Anamwona Julia anavyozidi kupotea, anampenda kweli, na bado anaogopa. Mimi ni mwanakwaya. Kila Jumapili nasimama mbele ya watu nikiimba, lakini mwenzangu wa kazini alipofiwa, sikumwambia hata neno moja la kumpeleka kwa Mungu. Nilifika hapo nikafunga kitabu, nikakaa nacho mapajani.

Kitabu ni cha Kiingereza na ni kinene, zaidi ya kurasa 400. Mama mkwe wangu, aliyekuja kukaa nasi kutoka Tukuyu, Kiingereza hajui, basi jioni tukichambua maharage nikawa namsimulia nilipofikia. Siku moja nilichelewa kurudi. Sijavua hata koti, akaniuliza, "Mwanangu, yule binti ameshasema?" Nikamwambia, "Bado, mama." Akaurudisha ungo mapajani. Tulipofika mahali Julia anamgeukia Hadassah kwa ukali, mkono wake ulisimama. Alishika punje moja ya haragwe muda mrefu, haitupi wala hairudishi.

Nakala yangu ilikuwa na kasoro. Muuzaji aliniambia imetimia, kumbe kurasa za mwisho zilikuwa zimenyofolewa. Mwanakwaya mwenzangu aliyesomea Iringa ndiye aliyeniazima yake. Kwa hiyo ukinunua mtumba, fungua mwisho kwanza uhesabu kurasa, ila usisome! Jua pia kwamba hadithi inakatika pabaya sana. Utahitaji cha pili, An Echo in the Darkness, cha mwaka 1994. Cha tatu kipo, sijakisoma.

Si kitabu cha watoto wa Sunday school. Kuna michezo ya kuuana ya Roma, kuna uzinzi, kuna mimba kutolewa, na mwandishi hafichi. Binti wa kidato cha tano au sita ningempa bila wasiwasi, na mama yake akisome pia wazungumze.

Kama kitabu kinene cha Kiingereza kinakuchosha, anza na In His Steps ya Charles Sheldon, ya mwaka 1896. Alikuwa mchungaji Topeka, Kansas, akawasomea waumini wake sura moja moja Jumapili jioni. Wahusika wake hawana kina cha Hadassah, lakini wanaahidi kutofanya jambo lolote kwa mwaka mzima bila kujiuliza kwanza Yesu angefanya nini, na mwenye gazeti anaanza kuondoa habari zilizokuwa zikimuuzia. Kwenye simu unakipata bure, kihalali.

Mimi cha pili nimeshakiazima. Jana usiku nilimsimulia mama sura mbili, na ungo ulikuwa mtupu tangu sura ya kwanza.