Kompyuta moja ya kuandika programu, kazi na gemu: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Ingia duka lolote la kompyuta Kariakoo au Luthuli, uulize mashine "ya kila kitu". Hujakaa vizuri utaonyeshwa stika ya Core i7, jina la prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel. Isikubabaishe. Core i7-4600U ina kore (sehemu zinazofanya kazi kwa pamoja ndani ya prosesa) 2 tu, wakati i5-8250U ina 4. Siri iko kwenye namba inayofuata kistari: 4600 ni kizazi cha nne, 8250 ni cha nane. Kwa prosesa za Intel, Windows 11 rasmi inaanzia kizazi hicho cha nane, na Microsoft iliacha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo chini ya cha nane usishuke, hata muuzaji akupunguzie vipi.

Nafasi ya kwanza naipa kompyuta ya mezani iliyotumika ofisini: Dell OptiPlex au HP EliteDesk yenye i5-8500, kore 6. Unaanza na kazi na programu, kadi ya gemu (kadi ya picha) inafuata mfuko ukiruhusu. Weka SSD (hifadhi ya kasi), na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ifike GB 16, maana Android Studio, programu ya kutengenezea app za Android, pamoja na simu yake ya kuigiza huimaliza GB 8 mapema sana.

Hapo kwenye kadi ndipo wengi wanapoliwa. Boksi la mashine lile dogo kabisa, la ukubwa wa kitabu, halina hata mahali pa kuichomeka. Boksi jembamba la wastani linayo, lakini pawasapulai yake (kifaa cha kugawa umeme ndani) ni ndogo na kwa kawaida haina waya wa ziada wa kadi, hivyo unategemea wati 75 zinazotoka kwenye bodi kuu ya mashine yenyewe. Tafuta kadi ya GTX 1650 isiyohitaji waya, tena ile ya kimo kifupi (low profile). Ukipata boksi kubwa la kusimama, lichukue hilo. Kwa kipimo, EA Sports FC 24 inataka angalau GTX 1050 Ti na nafasi ya GB 100, kwa hiyo SSD ya GB 256 itakubana. Bei ya UPS, betri ya akiba umeme ukikatika, ihesabu humohumo. Umeme wetu unajulikana.

Ya pili ni laptopu ya ofisi iliyotumika, na kwa mwanafunzi wa hosteli ndiyo ya kwanza. Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490 zote zina nafasi mbili za RAM. Mimi ningechukua T480: ina betri mbili, moja unaichomoa kwa mkono bila kufungua kava. Ila soma jina lote. T480s, yenye s, RAM yake moja imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi. Nyumbani ichomekee monita ya inchi 24 na kibodi, shingo itakushukuru. Gemu nzito sahau.

Laptopu ya gemu ni ya tatu. Inafanya yote, lakini inachemka, chaja yake ni nzito, na ukiichomoa kwenye umeme kasi inashuka. Iliyotumika siiamini, maana hujui ilichemshwa kwa muda gani.

MacBook Air M1 ya 2020 siipangi na hizi. Kazi yako ikiwa programu za iPhone, utahitaji Mac tu, maana Xcode, programu ya kuzitengenezea, haiendeshwi kwingine. Chagua ya GB 16, kwa sababu RAM yake haiongezeki. Kwa gemu ni dhaifu.

Ya mwisho kabisa ni ile laptopu mpya ya Celeron (prosesa dhaifu ya Intel), RAM GB 4 na hifadhi ya eMMC, ya polepole kuliko SSD, ya GB 64. Harufu ya boksi jipya inavutia, lakini kuandikia programu humo ni adhabu.

Kabla ya kulipa, washa mashine hapo hapo dukani na uingie BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows. Ikidai nenosiri, iache. Mashine za ofisi hufungwa huko, na kuifungua ni kazi ya fundi ambayo gharama yake itakuangukia wewe. Kwa Mac, hakikisha akaunti ya mmiliki wa zamani imeondolewa. Kisha chomoa chaja, cheza video kwa dakika kumi, uone betri imeshuka kiasi gani.