Panda kwa miguu, shuka kwa boda: Tukuyu kwa sisi tuliostaafu

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie wadogo marahaba. Aliyeshika simu ni mjukuu wangu, picha ikitikisika mlaumuni yeye. Rudi nyuma kidogo, mume wangu, wasinihesabie meno. Na mzee wangu mwenyewe yule pale kwenye benchi, anajifanya hasikii.

Leo sichambui jiko wala blenda. Nachambua mahali pa kufikia. Tangu tuweke ile video ya viatu swali limekuwa moja: "Mama Nesi, tumestaafu, tunataka wiki moja ya kutembea milimani taratibu, tufikie wapi?" Tumefika Iringa, tumelala Mbeya mjini, tumepanda mpaka Matamba kuiona Kitulo, na leo ni siku ya sita tuko Tukuyu, mji wa wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya. Kwamba huku kuna baridi, mvua na ndizi mnajua wote, hayo naruka. Na hakuna aliyenilipa, hata chai nimenunua.

Ninachotaka kuwaambia ni hiki: ukishafika umri wetu, usichague mlima kwa kuangalia kupanda. Angalia utashukaje.

Mnaopita Kitonga, ule mlima wenye kona kali kwenye barabara kuu ya Iringa, mnanielewa. Lori haliunguzi breki likipanda Kitonga. Linapanda kwa kulia, linatoa moshi, lakini linafika. Breki zinaungua kwenye kushuka. Na goti ni hivyo hivyo. Nimeuguza watu miaka 34 na goti langu la kulia lenyewe ni mgonjwa, kwa hiyo naongea kwa pande zote mbili. Mjukuu, lete kamera hapa chini kwenye ngazi. Chini zaidi. Haya, naweka mguu juu, nasukuma. Paja linafanya kazi, moyo unakwenda mbio, nikichoka nasimama, nahema, naendelea. Hakuna kilichoharibika. Sasa nageuka. Tazameni mguu unaobaki nyuma, siyo unaotangulia. Umeona goti lilivyokunjika, na mwili wote bado uko juu yake? Hapo paja limekuwa breki, na kifuniko cha goti kinakandamizwa kila hatua. Ngazi hizi ni nne tu. Zidisha kwa mteremko wa saa mbili.

Na fimbo. Wengi mnaishika kama mzee wa kwenye maigizo. Mkono mwingine, jamani! Goti bovu ni la kulia, fimbo ishike kushoto. Ukipanda ngazi, tanguliza mguu mzima, mbovu ufuate na fimbo. Ukishuka, fimbo na mguu mbovu vitangulie, mzima ubaki juu kubeba uzito. Rudia, mjukuu, waone. Hivi. Tena hivi. Mzee wangu, usicheke, wewe juzi ulishuka kinyumenyume.

Alishuka kinyumenyume wapi? Ngozi. Lile ziwa la kwenye shimo la volkano, kule milima ya Uporoto, juu ya mita 2,000. Ngozi ni pazuri mno, nikisema vibaya nitakuwa mwongo. Unapita msitu, mianzi, ubaridi wa ukungu, halafu ghafla unatokea ukingoni na maji yako chini kabisa, ya kijani, kimya. Nilipanda nikiimba. Kijana aliyetuongoza akanikatia mwanzi wa kushika. Lakini kile kipande cha mwisho kimesimama, na usiku wake mvua ilikuwa imenyesha, udongo umekuwa sabuni. Tulipanda kwa saa mbili, tukashuka kwa tatu, na nusu ya hizo nilishuka kwa makalio. Suruali ninayo bado, sitaionyesha. Kesho yake sikuweza kukaa chooni bila kushikilia ukuta.

Na hapo hapo niwaambie la choo, kwa sababu nina hasira nalo. Gesti ya kwanza tuliyofikia hapa siitaji jina. Kwenye picha: mlima Rungwe dirishani, maua, shuka nyeupe. Tumefika saa moja usiku, chumba kiko juu, ngazi 22, nilizihesabu, na hakuna pa kushika hata kamba. Ndani choo cha kuchuchumaa. Sikidharau, nimekulia nacho, lakini usiku wa manane, magoti yametoka Ngozi, taa imekatika! Hita nayo ilikuwa pambo la ukutani. Nikaomba ndoo ya maji ya moto, ikaletwa na binti mstaarabu sana, masikini akiibeba ngazi zote zile. Asubuhi tukahama. Kwa hiyo ukipiga simu kuweka nafasi usiulize kama kuna mandhari, mandhari Tukuyu ni ya bure. Uliza: chumba kiko chini? Choo ni cha kukaa? Kuna jiko la kuni la kuchemshia maji umeme ukikatika? Hapa tulipo sasa tunalipa 40,000 kwa usiku na chai ya asubuhi, chumba kiko usawa wa bustani. Dirishani naona ukuta wa jirani na kuku wake. Nimelala kama mtoto.

Sasa ninachokipenda Tukuyu, na ndicho kilichonifanya nibadilishe mawazo, maana nilikuja nikiwa nimeshaamua kuwasifia Mbeya mjini. Hapa matembezi yanaanzia getini. Hupandi gari kwenda kutembea. Mji umekaa kwenye mgongo wa Rungwe, upande wa kusini, mlima wenyewe unakaribia mita 3,000 ila sisi kileleni hatuna biashara. Unatoka, unashika barabara ya vumbi kuelekea upande wa mlima, inapanda pole pole katikati ya migomba, maparachichi na chai. Watu wanakusalimia kila baada ya hatua kumi. Ukisema "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, wanacheka, wanakukaribisha. Ukichoka baada ya saa moja, au saa mbili, au dakika ishirini, unasimama pembeni ya njia. Hamna aliyekuambia lazima ufike. Na barabara hizo hizo wakulima wanashushia ndizi, kwa hiyo bodaboda hazikosekani.

Ndiyo mbinu yenyewe. Panda kwa miguu, shuka kwa boda.

Najua, najua, mabinti zangu wawili walinipigia kelele kwenye simu. Nikawaambia hivi: navaa suruali ndani, kitenge juu, napanda kiume, siyo kukaa upande mmoja kama bibi harusi. Kofia ngumu naidai kwanza, asiyekuwa nayo sipandi boda yake. Na namwambia kijana kabla hajawasha: mimi ni mzigo wa mayai. Nyonga zikigoma kupanuka basi subiri bajaji kwenye lami, au panga na mwenye taksi akufuate mahali fulani saa fulani.

Siku ya kupumzisha miguu kabisa tulikwenda Daraja la Mungu, pale mto Kiwira ulipobaki na daraja la mwamba ambalo hakuna fundi aliyelijenga, ni mabaki ya volkano. Gari linafika karibu, unatembea kidogo tu. Siku nyingine ziwa Kisiba, wengine mnaliita Masoko. Nalo zuri. Haya, tuendelee.

Wa Iringa mmeshaanza kuandika, naona. Kamweneni. Iringa naipenda, mvua yake haifikii ya huku, na lile jiwe la Gangilonga jioni jua likizama ni raha, unapanda kidogo tu na mji wote uko miguuni pako. Isimila na zile nguzo za mchanga pia. Lakini wiki nzima? Siku ya tatu nilianza kurudia njia zile zile, na za mbali zilitaka gari. Mbeya mjini ina hospitali ya rufaa ya kanda, na hilo kwa mwenye moyo au kisukari siyo dogo, sitalibeza. Hapa kuna ya wilaya, Makandana, na mpaka Mbeya ni kama kilomita 70 za lami yenye kona na malori ya Kyela. Mwenye historia ya kulazwa kwa moyo, nakushauri lala Mbeya, huku uje kwa siku moja na kurudi. Na ukiwa na presha, mwone daktari wako kabla hujakata tiketi.

Kitulo? Hifadhi ya taifa tangu 2005, maua ajabu, na uwanda wenyewe ni tambarare, goti linashukuru. Ila ni kama mita 2,600. Hatua ishirini pumzi imeisha, na usiku wa Julai utalala na soksi mbili. Halafu maua yanachanua kuanzia Desemba mpaka Aprili, yaani ndani ya mvua. Sisi tulipitia Chimala, zile kona 57 za kupanda Matamba, mzee wangu alifumba macho kuanzia ya tano. Nenda kuangalia, lakini usikufanye kambi.

Hata Tukuyu yenyewe usije Machi na Aprili kwa kutembea, nawaambia ukweli. Mvua ya Rungwe ni ya kumwagiwa kwa ndoo, njia zote zinakuwa kama pale Ngozi. Njoo Juni mpaka Oktoba, na bado beba koti la mvua, leo ni Septemba na mawingu yale pale juu yanatuangalia. Katika miezi ya mvua nitarudi Iringa kwa unyenyekevu.

Mwisho wa mwezi tunaweka video ya fimbo, nimenunua tatu, ya chuma, ya mti na huu mwanzi wa Ngozi. Gonga kengele.

Haya, tone la kwanza hilo. Mjukuu, mwite yule wa boda. Marahaba, mwanangu. Mpaka stendi shilingi ngapi? 3,000! Jana nilishuka kwa 1,500. Ah, umeona kamera. Zima simu, mume wangu, zima tuongee naye vizuri.