Hita ya dizeli ya bei nafuu kwa karavani: nunua ya kilowati 2, na usifunge kila kilichomo kwenye kasha

Hita ndogo za dizeli kutoka China, zile zinazouzwa mtandaoni Uingereza kwa takriban pauni 80 hadi 150, nyingine zikiwa na majina ya ajabu na nyingine bila jina kabisa, zinapasha joto karavani (nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari) kuliko kifaa kingine chochote cha bei hiyo. Ukilala Nyanda za Juu za Scotland mwezi Januari, mahali pasipo na umeme wa kuchomeka, hita hii itakupa hewa kavu yenye joto usiku kucha kwa lita moja na nusu hivi ya dizeli. Tatizo lake ni vifaa vinavyoandamana nayo. Mpira wa mafuta, vibano, bomba la hewa na nyaya ni vya kubahatisha, na karatasi ya maelezo imeandikwa kana kwamba unaifunga kwenye lori. Mtambo wenyewe ni imara. Wengi wanaoulaani wameangushwa na ufungaji.

Ndani ya hita mna njia mbili za hewa zisizokutana. Ya kwanza inavuta hewa kutoka nje, chini ya sakafu, inaichanganya na dizeli kwenye chumba cha moto, kisha inautoa moshi nje kwa ekzosi. Ya pili inachukua hewa ya ndani ya karavani, feni inaipitisha juu ya mapezi ya alumini yaliyopata moto, na hewa hiyo hiyo inarudi chumbani ikiwa ya joto. Ndiyo maana vioo havitoki jasho. Kilo moja ya propani ikiungua huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, na kwa hita ya gesi ya kubeba isiyo na bomba la moshi, maji hayo yote huishia kwenye magodoro, makabati na kuta. Halafu kuna kaboni monoksidi. Waliokulia Limuru, Njombe au Makete wanajua jinsi jiko la mkaa linavyoua watu waliofunga mlango kwa sababu ya baridi. Gesi ni ileile, na karavani ni chumba kidogo sana. Kwa hiyo hata ukifunga hita hii vizuri, weka king'ora cha kaboni monoksidi chenye alama ya EN 50291-2, kiwango kilichowekwa kwa ajili ya karavani na mashua, na usizibe matundu ya hewa ya sakafuni hata upepo ukipuliza vipi.

Sasa ukubwa, ambapo pesa nyingi hupotea. Karavani ya kawaida ya Uingereza yenye urefu wa mita tano na nusu inahitaji, kwa makadirio, kilowati moja hadi moja na nusu ili ibaki nyuzi 20 ndani wakati nje ni sifuri. Hita ya kilowati 5 itaijaza joto kwa muda mfupi, kisha itashuka kwenye moto wa chini kabisa na kukaa hapo mpaka asubuhi. Moto wa chini hauna ukali wa kuunguza dizeli yote, na dizeli isiyoungua yote hugeuka masizi. Ya kilowati 2 hufanya kazi katikati ya uwezo wake, na ndipo inapoungua safi. Kasha lililoandikwa kilowati 8 lisikuvutie hata kidogo, kwa sababu mara nyingi ndani yake mna hita ileile ya 5. Piga hesabu mwenyewe: pampu inayotumika kwenye nyingi ya hizi hutoa takriban mililita 22 kwa midundo 1,000. Ikipiga midundo 5 kwa sekunde, hiyo ni lita 0.4 kwa saa. Lita ya dizeli ina nishati ya kilowati-saa 10 hivi. Unapata kilowati 4, na hapo hujatoa joto linalopotea na moshi. Ya kilowati 2 utaitambua kwa mdomo wake wa hewa moto, ambao kwa kawaida una kipenyo cha milimita 60. Ile kubwa ina 75.

Umeme ndio unaoamua kama hita itawaka au itakuachia moshi mweupe. Wakati wa kuwasha, plagi ya kuwashia huvuta ampea 8 hadi 10 kwa dakika chache. Moto ukishashika, feni na pampu hutosheka na ampea 1 hadi 2. Usiku mmoja, kwa muda wa saa 10, basi unakula kati ya ampea-saa 12 na 22. Betri ya asidi ya ampea-saa 100, ambayo haifai kushushwa chini ya nusu na ambayo baridi huipunguzia uwezo, inakufikisha siku mbili au tatu. Paneli ya jua usiitegemee majira hayo: Aviemore, mji wa Nyanda za Juu za Scotland, mwishoni mwa Desemba mchana hautimizi saa 7, na jua linapita chinichini juu ya milima. Mwenye betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 aiweke ndani kwenye joto, kwa sababu haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0.

Waya zinazokuja na hita ni nyembamba, na hapa hesabu haina huruma. Tuseme betri iko mita 3 kutoka kwenye hita, yaani mita 6 kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita 1.5 za mraba, ampea 10 zinapoteza volti 0.7 njiani. Kwa waya wa milimita 4 za mraba zinapoteza chini ya volti 0.3. Betri iliyolala kwenye baridi ikiwa na volti 12.2 hushuka zaidi inapobebeshwa mzigo, na ukiongeza hasara ya waya, hita inasoma volti pungufu na kugoma, au plagi inakuwa vuguvugu na dizeli inamwagika kwenye chumba cha moto bila kuwaka. Tumia waya wa milimita 4 au 6, weka fyuzi karibu na betri (ampea 15 au 20, fuata karatasi ya hita yako), na uunganishe moja kwa moja na betri. Usipitishe umeme wake kwenye swichi kuu ya karavani. Ukiizima hita kwa kidhibiti chake, feni huendelea kuzunguka dakika kadhaa ili kupoza chumba cha moto. Mtu akikata umeme katikati ya zoezi hilo, joto lililobaki huunguza plastiki na vihisi.

Kwa upande wa mafuta, tupa mpira laini wa kijani au mweupe uliomo kwenye kasha. Nunua bomba gumu la nailoni lenye tundu la milimita 2. Mpira laini hutanuka kila pampu inapopiga, huchelewesha mafuta na kukusanya mapovu, na povu moja likifika kwenye moto, hita hukohoa au kuzima. Vipande vya mpira vitumike kwenye maungio tu, ncha za nailoni zikigusana ndani yake, kila upande na kibano chake. Pampu ikae karibu na tangi, na ilale kwa mteremko wa nyuzi 15 hadi 35, mdomo wa kutolea mafuta ukiwa juu. Ikilala kabisa, mapovu hukwama ndani yake. Ining'inize kwa mpira pia, usiibane kwenye fremu, la sivyo mlio wake wa tik-tik utasikika sakafu nzima usiku kucha.

Dizeli nayo ina majira. Inayouzwa Uingereza kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Machi imetengenezwa ipite kwenye chujio hadi nyuzi 15 chini ya sifuri. Ya kiangazi ni nyuzi 5 tu chini ya sifuri. Dumu lililobaki kutoka Agosti linaweza kuganda nta na kuziba chujio usiku ule ule unaoihitaji hita. Kwa kuwa tangi la karavani ni la hita peke yake, unaweza pia kutumia mafuta ya taa. Yanaungua safi zaidi na hayagandi haraka, ingawa hayalainishi pampu kama dizeli.

Kazi inayotaka umakini kuliko zote ni ekzosi. Maungio yote ya bomba la moshi yawe nje, chini ya sakafu, bila hata moja ndani ya kabati au chini ya kitanda. Kizuia sauti kinachokuja na hita mara nyingi huvuja kwenye mishono yake, kwa hiyo nacho kikae nje. Paka maungio dawa ya kuzibia ekzosi za magari, siyo silikoni ya bafuni, kisha kaza vibano vya chuma. Bomba literemke kuelekea mwisho. Kama lazima lipinde chini kisha lipande, toboa tundu la milimita 2 au 3 mahali pa chini kabisa, maji yatoke. Maji yakiganda humo, moshi hukosa njia. Mdomo wa ekzosi uwe mbali na mdomo wa kuvuta hewa, mbali na matundu ya sakafuni, na utoke upande usio na hema la ubavuni. Moshi ukijaa chini ya hema, utapanda ndani kupitia mlango. Theluji ikianguka usiku, chimbua mdomo huo kabla ya kuwasha.

Bomba la hewa moto linalokuja kwenye kasha ni jembamba na huchoka upesi. Hewa inayotoka karibu na hita inaweza kupita nyuzi 100, hivyo nusu mita ya kwanza iwe ya kuhimili joto, iwe mbali na mbao na sponji. Punguza kona. Ukilibana bomba kwa kona nyingi au kipenyo kidogo, hita hujiona imezidiwa na joto na kujizima.

Masizi yatakuja hata ukifanya yote haya, swali ni baada ya muda gani. Kila ukimaliza kuitumia, iwashe kwa nguvu ya juu dakika 20 hadi 30 huku dirisha likiwa wazi kidogo, kisha ndipo uizime. Ikianza kuchelewa kuwaka au kutoa moshi mweupe, usijaribu mara tano mfululizo, kwa sababu kila jaribio linaongeza dizeli kwenye chumba cha moto, na siku itakapokubali itatoa moshi mzito na mwali. Baada ya mara mbili, fungua plagi ya kuwashia na uangalie kijichujio cha waya kilicho nyuma yake. Kikiwa kimeziba kwa masizi, badilisha. Ni kipuri cha bei ndogo sana.

Ukiilinganisha na hita za dizeli za kampuni za Ujerumani, Webasto Air Top 2000 STC au Eberspächer Airtronic, tofauti ya joto ni ndogo mno kuliko tofauti ya bei, inayofika mamia ya pauni. Kinachonunuliwa pale ni mabomba bora, vipuri vya uhakika, fundi anayejua kazi, na idhini ya ECE R122, kanuni ya vifaa vya kupasha joto kwenye magari. Hita nyingi za bei nafuu hazina idhini hiyo. Kama bima yako inaiuliza, au unakusudia kuuza karavani karibuni, lipa hizo pesa. Na kama karavani yako tayari ina hita ya gesi yenye bomba la moshi, kwa mfano ya Truma, huenda huhitaji dizeli kabisa. Badilisha tu mtungi: butani huacha kugeuka mvuke nje kukikaribia nyuzi 0, propani huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Mtungi wa propani wa kilo 6 una kilowati-saa 77 hivi, sawa na moto wa kilowati 2 kwa saa 38. Anayewasha kwa muda wa saa 10 kila usiku hamalizi nao siku nne. Lita 10 za dizeli zina kilowati-saa 100.

Anayeinunua na kwenda mbali na maduka achukue pia plagi moja ya akiba, vijichujio viwili vya waya, gasketi ya chumba cha moto, chujio la mafuta na fyuzi. Gasketi haifai kurudiwa ukishaifungua.