Kituo cha watu wazima wenye ulemavu wa akili hapa Mbeya: mchana nyota tano, usiku mbili

Jina la kituo sitaji, wanaoishi pale ni watu na wana faragha zao, alafu mengi nitakayoandika unaweza kuyakuta kituo chochote, kwahiyo wewe chukua kama vitu vya kwenda kuangalia kabla hujaacha ndugu yako mahali. Kipo pembezoni mwa mji, sehemu yenye baridi kweli kweli, hilo nitalirudia.

Anayeishi pale ni mdogo wangu, ana Down syndrome (hali ya kuzaliwa nayo inayogusa akili na mwili) na ameshavuka miaka thelathini. Shule alisoma kwenye kitengo cha wenye mahitaji maalumu cha shule ya msingi, ilipoisha ndo basi tena, akarudi kukaa na mama mpaka magoti ya mama yakagoma. Na hapa ndo shida ya hii huduma ilipo, mtoto mwenye ulemavu wa akili ana kitengo, ana mwalimu, ana wafadhili wa kupiga nae picha, akiota ndevu tu wote wanapotea. Vituo vya watu wazima ni vya kutafuta kwa tochi. Ndo maana ukipata kimoja unaogopa ata kukikosoa, unaona kama utaambiwa haya mchukue mtu wako. Mimi nakosoa hivyo hivyo.

Tuanze na mazuri maana yapo, tena mengi. Ukiingia hakuna harufu ya mkojo. Naomba mnielewe, nimetembelea sehemu nyingine ambako geti tu linakupa taarifa. Hapa vyoo visafi, maji ya moto ya kuoga yapo asubuhi (jikoni wanachemsha kwa kuni kwenye pipa, sio hita), na bafu lina mlango wenye komeo la ndani. Komeo la ndani ni kitu kidogo ila mwanaume mzima kuoga mlango ukiwa wazi huku watu wanapita koridoni sio jambo la kuzoea, na nimeona likizoeleka kwingine.

Walezi wa mchana wamenikosha kabisa. Kuna kaka mmoja anamfundisha mdogo wangu kunyoa ndevu, amesimama pembeni na kioo, mashine kaishika mwenyewe mnyolewaji, inachukua muda yani mpaka wewe mtazamaji unataka kuinyang'anya umalizie. Yule kaka wala. Akikosea anamwambia rudia hapa chini ya kidevu. Nyumbani sisi tulikua tunamnyoa kama tunamenya kiazi, haraka haraka tuwahi mambo mengine. Sasa hivi anajinyoa mwenyewe, na akimaliza anapitisha mkono kwenye kidevu anamuonyesha kila mtu.

Kazi zipo pia. Bustani ya kabichi na viazi, kuku, ng'ombe wawili watatu. Mdogo wangu yuko kitengo cha maziwa, anaosha ndoo na anajua ng'ombe gani ana vurugu. Mauzo ya maziwa na mayai kila mmoja anapata kidogo chake, ndo hela ya soda na vocha. Ningependa siku moja wafike mbali zaidi, Iringa pale Neema Crafts tangu 2003 watu wenye ulemavu wanatengeneza vitu vinauzwa kwa hela ya maana na mgahawani wanakuhudumia viziwi, sio kwa huruma, unaagiza unaletewa unalipa. Ila kwa kuanzia hii ya maziwa sio mbaya.

Chakula sina neno. Ugali maharage, ndizi, siku nyingine wali wa mchele wa Kyela, parachichi msimu wake mpaka wanazikimbia. Ada ya mwezi ni kama kodi ya nyumba ya kupanga ya maana hapa mjini, kwa familia nyingi ni kubwa, tunachanga ndugu na bado kuna mwezi tunasuasua, ila hawajawahi kututishia.

Upande wa afya nawapa nne. Dawa zina daftari, kila dozi inaandikwa saa na aliyetoa anasaini, na anayelala chumba kimoja na mdogo wangu ana kifafa kwahiyo hili sio la mchezo, dawa za kifafa ukizikata ghafla mtu anaweza kupata degedege zisizokatika. Wanajua hilo na stoo sijakuta zimeisha. Kinachokosekana ni kuchunguza kabla ya kuumwa. Mtu mwenye Down syndrome karibu nusu yao wanazaliwa na shida ya moyo, tezi ya shingoni inaweza kupunguza kazi kimya kimya mtu akawa mzito, anasinzia, kajikunja, watu wakasema ah ndo alivyo, na usahaulifu wa uzeeni unawaanza mapema kuliko sisi, ata kwenye arobaini na kitu. Tezi inajulikana kwa kipimo cha damu tu. Nilivyouliza lini mara ya mwisho wamepima, tukaangaliana. Tukampeleka Hospitali ya Rufaa ya Kanda akapimwa, na meneja, sifa yake nampa, akaingiza kwenye faili kwamba kila mwaka wapimwe wote wenye hali kama yake. Kuhusu kukosa choo bado hawajanielewa vizuri. Mtu asiyeweza kujieleza tumbo likijaa siku kadhaa anaanza kupiga watu, mnasema ana hasira, kumbe anaumwa.

Kitu kingine, ndugu unaruhusiwa kuingia hadi chumbani. Kituo kikikupokea sebuleni kila siku na mtu wako analetwa ameshaogeshwa, shtuka. Uingereza kulikua na hospitali binafsi inaitwa Winterbourne View, karibu na Bristol, ya watu wenye ulemavu wa hivi hivi, mwaka 2011 kipindi cha Panorama cha BBC kikaingiza kamera ya siri, wahudumu wakaonekana wanawapiga na kuwadhalilisha, 11 wakatiwa hatiani na 6 kati yao wakaenda jela 2012. Na kule ndugu walikua hawaruhusiwi kufika vyumbani. Nchi yenye wakaguzi na mafaili ya kila aina, aisee.

Sasa usiku. Kuna siku gari lilitusumbua njiani natoka Tukuyu, nikafika pale giza limeingia bila kupiga simu. Saa 1 na nusu. Kimya, taa zimezimwa, watu wazima wote wako kitandani. Kumbe chakula cha jioni ni saa 11, saa 1 kila mtu blanketi, kwa sababu zamu ya mchana inatoka na usiku anabaki mlezi mmoja, mama mtu mzima, nyumba mbili, ya wanaume na ya wanawake. Yani kulala kwao kunapangwa na zamu ya wafanyakazi. Mdogo wangu ni Yanga wa kufa, mechi ikianza saa 1 usiku ndo ameshafunikwa, anakuja kuniuliza matokeo kwenye simu kesho yake wakati TV ipo hatua kumi kutoka kitanda chake. Kama angekua ana miaka 7 ningeelewa.

Alafu mlango mkubwa unafungwa kwa kufuli kwa nje na ufunguo anao huyo mama. Sababu wanayotoa ni kwamba kuna mmoja huwa anatoka usiku anatembea, sawa, lakini moto ukiwaka wakati mama yuko nyumba ya pili na anamshughulikia mwenye kifafa, itakuaje? Na baridi hii ya mwezi wa 6 na wa 7 watu wanaingiza jiko la mkaa ndani. Pale wamekataza majiko, nimeona tangazo ukutani, ila tangazo sio mlango wa dharura. Nimewaandikia barua na nakala nimempa afisa ustawi wa jamii. Wamejibu wataongeza mtu wa usiku bajeti ikikaa sawa, kufuli bado lipo mpaka naandika hapa.

Nguo nazo. Zinafuliwa pamoja, zinaanikwa pamoja, zinagawiwa anayetangulia. Nilimnunulia sweta zuri Mwanjelwa, zito, nikalikuta limevaliwa na mtu mwingine na yeye kavaa shati la mikono mifupi anatetemeka. Aliyelivaa wala hana kosa, amepewa.

Na kile kikao cha ndugu cha kila baada ya miezi kadhaa, kizuri, meneja anasikiliza, hesabu zinasomwa. Ila tunaojadili ni sisi, wenyewe wako nje kwenye jua wanasubiri tumalize wapate soda. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ibara ya 19 inaongelea mtu kuchagua akae wapi na akae na nani, mwaka 2010 tukatunga na sheria yetu wenyewe. Mdogo wangu hajawahi kuulizwa ata analala chumba kimoja na nani. Nimependekeza wawili watatu waingie kikaoni, mzee mmoja akasema watasema nini sasa. Nikamjibu waulize kuhusu saa 11 jioni, utasikia.

Kwa anayefikiria kumpeleka mtu wake: kama anajimudu mudu na anapenda kazi za shamba, nenda, mchana wake utakua mzuri kuliko nyumbani mnakomfungia na TV. Kama ana kifafa kinachopanda usiku au anahitaji kugeuzwa kitandani, subiri wapate mlezi wa pili wa usiku, na usikubali neno la mdomo, omba kuona ratiba ya zamu. Fika saa ambayo hawakutegemei. Nguo andika jina kwa maka peni kwenye kola na kiunoni, mpe blanketi mbili nzito, na viatu vya mvua maana uani kuna tope. Bajaji mvua ikinyesha hawakubali kupanda ile njia, wanakushusha chini unamalizia kwa mguu.