M&P9 iliyotumika mkononi mwa mwenye shoto: uzoefu wangu

Nilinunua bastola ya milimita 9, Smith & Wesson M&P9 ya toleo la kwanza, iliyokwisha kutumika, kwa sababu mbili. Ilikuwa na bei nafuu kuliko bastola yoyote mpya iliyonikaa vizuri mkononi, na haina swichi ya usalama ya dole gumba, ile inayofunga bastola isipige. Sababu ya pili ndiyo ninayotaka kuieleza kwa kirefu, kwa kuwa naona watu wa shoto wakitoa pesa zao kwa ajili ya maneno "inafaa mikono yote", kumbe kinachowasumbua ni kitu kingine kabisa.

Bastola nyingi za milimita 9 zimepangwa kwa ajili ya mkono wa kulia. Kitufe cha kutoa magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia mpinini) kiko upande wa kushoto, nyuma ya triga, ili dole gumba la kulia likifikie. Kizuizi cha slaidi, yaani kile kinachoishikilia nyuma ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila unapopiga, kiko kushoto pia, juu kidogo. Bastola ikiwa na swichi ya usalama, nayo mara nyingi iko kushoto. Ukiishika kwa mkono wa kushoto, dole gumba lako linakaa upande wa kulia, kwenye plastiki tupu isiyo na kitu cha kubonyeza. Ndiyo maana muuzaji wa kwanza niliyemwendea aliponiona nikiishika alisema, "Ndugu, kwako wewe itabidi utafute zile za pande mbili," akanionyesha moja ya bei ya juu kabisa kwenye kabati. Sikumlaumu, maana ndivyo wengi wanavyoamini.

Kabla ya kutoa pesa nilikodi bastola tofauti tofauti kwenye uwanja wa shabaha na kujaribu mambo matatu, kwanza ikiwa tupu na chemba (mahali risasi inapokaa tayari kupigwa) imekaguliwa: kutoa magazini bila kugeuza mshiko, kuzuia slaidi ikiwa imevutwa nyuma, na kushusha swichi ya usalama kama ipo. Nilichogundua ni kwamba mambo haya matatu hayana uzito sawa hata kidogo.

Nianze na magazini. Kitufe kikiwa kushoto, mwenye shoto hukibonyeza kwa kidole cha shahada, au cha kati kama vidole ni virefu. Siku ya kwanza kidole kinapapasa, baadaye kinakwenda chenyewe. Kuna faida hapa ambayo wenzetu wa kulia hawana: ukibonyeza kwa shahada, kidole hicho ndicho kile kile cha triga, kwa hiyo wakati wa kubadilisha magazini hakiwezi kuwa kwenye triga. Pia mshiko haubadiliki. Mtu wa kulia mwenye dole gumba fupi hulazimika kuzungusha bastola kiganjani ili akifikie kitufe, kisha aitafute tena sehemu yake. Mimi sizungushi chochote.

M&P9 inaruhusu kitufe hicho kihamishiwe upande wa kulia. Nilikihamisha, nikapiga nacho kwa muda, kisha nikakirudisha kushoto. Kufanya kazi kilifanya kazi vizuri. Ila nilitaka mazoea yangu yafanye kazi kwenye bastola yoyote nitakayokabidhiwa uwanjani, na karibu zote kitufe kiko kushoto. Zaidi ya hapo, kwenye baadhi ya aina kuhamisha kitufe kuna gharama ya pembeni. Glock ilianza kuweka kitufe kinachohamishika kwenye kizazi cha 4, lakini magazini za vizazi vya nyuma zina tundu la kushikia upande mmoja tu. Ukihamisha kitufe, magazini zako za zamani za bei nafuu hazishiki tena. Jambo hili utalijua ukiwa umeshanunua mfuko mzima.

Kuna mtu mmoja ambaye ningemshauri akihamishe: mwenye mkono mkubwa ambaye shina la kidole chake cha kati hukandamiza kitufe anapokaza mshiko. Akikaza na magazini ikadondoka, hana haja ya kujadili zaidi. Wenye vidole vifupi sana nao watazame zile zenye vipapi (vibao vidogo vya kutoa magazini) chini ya kikinga triga, kama Heckler & Koch VP9, ambavyo vipo pande zote na havimbagui mtu. Lakini hizo haziko kwenye kundi la bei nafuu.

Kizuizi cha slaidi ndicho kinachotangazwa zaidi na ndicho chenye maana ndogo zaidi. Nikimaliza risasi na kuingiza magazini mpya, naivuta slaidi kwa mkono wa kulia na kuiachia. Njia hiyo haina haja ya kizuizi, na walimu wengi huifundisha hata kwa watu wa kulia. Kazi pekee inayobaki ni kuifunga slaidi nyuma bastola ikiwa tupu, na hapo kidole cha shahada husukuma kizuizi juu bila shida kwenye bastola nyingi. Zinazosumbua ni zile ambazo kizuizi kimewekwa nyuma sana juu ya mpini, kama SIG P226, ambapo kidole lazima kijikunje kurudi nyuma.

Kuhusu kizuizi cha pande mbili, hakuna aliyeniambia hili na sikulisoma kwenye tangazo lolote. Watu wa kulia hulalamika mara kwa mara kwamba slaidi haibaki nyuma risasi zikiisha, na mara nyingi sababu ni dole gumba lao linalolala juu ya kizuizi na kukizuia kupanda. Mwenye shoto akitumia bastola ya kizuizi cha kushoto peke yake, hana tatizo hilo kabisa, kwa kuwa upande wa dole gumba lake hakuna kitu. Mpe kizuizi cha pande mbili, nawe umempa ugonjwa wa watu wa kulia bure. M&P9 ina kizuizi pande zote mbili, kwa hiyo nimejizoesha kulaza dole gumba la kushoto chini kidogo, juu ya lile la kulia. Inawezekana, lakini ni kitu cha kujifunza ambacho bastola ya bei ya chini zaidi isingenidai.

Sasa swichi ya usalama. Hapa sina mzaha. Bastola kadhaa za bei nafuu zina swichi hii upande wa kushoto tu. Taurus G2C ni mojawapo, Ruger Security-9 nyingine. Kwa mtu wa kulia ni bastola za kuridhisha kwa bei yake. Kwa mwenye shoto, swichi ya kushoto inataka kidole cha shahada kiiteremshe, na kwa kufanya hivyo kinatoka mahali pake salama kando ya fremu na kurudi kikiteleza karibu na triga. Au utumie dole gumba la mkono wa pili, jambo lisilowezekana mkono huo ukiwa umeshika kitu kingine. Kuna wanaosema, "Basi usiitumie." Swichi isiyotumika bado inaweza kusogezwa na nguo au mkoba wa kubebea bastola kiunoni, na siku hiyo utabonyeza triga isijibu, huku dole gumba lako halina pa kwenda. Mimi kanuni yangu ni moja: swichi iwe pande zote mbili au isiwepo kabisa.

Kanuni hiyo haikufungii ndani ya bei za juu. Glock haina swichi ya dole gumba. Usalama wake umo ndani ya triga yenyewe. Springfield XD ina kibao cha usalama nyuma ya mpini ambacho kiganja chochote hukibana, na kitufe chake cha magazini kiko pande zote. Ruger SR9 ina swichi na kitufe cha magazini pande zote mbili. Beretta 92FS, nzito na pana, ina swichi pande zote mbili za slaidi. M&P9 huuzwa ama bila swichi ama ikiwa na swichi ya pande mbili, kwa hiyo ukiitafuta iliyotumika uliza ni ipi.

Mbona nikachagua hii? Ilitoka mwaka 2005, na idara nyingi za polisi Marekani ziliitumia kisha kuziuza zilipohamia aina nyingine. Bastola za namna hiyo hubebwa sana na kupigwa kidogo: rangi imechubuka pembeni kwa sababu ya kuingia na kutoka mkobani, lakini mtutu ndani unang'aa. Yangu ilikuwa hivyo. Nilibadilisha spiringi kuu na za magazini bila kusubiri zichoke, na gharama yake haikufika popote karibu na tofauti ya bei na mpya. Mtutu una inchi 4.25, magazini inabeba risasi 17, na fremu ya plastiki inaifanya iwe nyepesi kuning'inia kiunoni lakini si nyepesi kiasi cha kukupiga teke. Inakuja na migongo mitatu ya mpini ya kubadilisha. Ile ya kati ilinikaa. Mpini ni sawa pande zote mbili. Taja hilo kwa muuzaji, kwa sababu baadhi ya mipini ya mashindano imechongwa kwa kiganja cha kulia na hakuna cha kufanya nayo.

Kitu kidogo nilichokipenda: ndani kuna kiwiko kidogo cha rangi ya njano unachokisukuma chini unapoifungua kuisafisha, hivyo huhitaji kubonyeza triga. Ukaguzi wa chemba unabaki pale pale, macho na kidole, lakini bastola isiyodai triga wakati wa kuifungua imenipunguzia wasiwasi mmoja. Triga yenyewe ni ya kazi, siyo ya mashindano. Toleo la M2.0 la mwaka 2017 liliibadilisha na kuufanya mpini uwe na mkwaruzo zaidi. Kama bajeti inaruhusu, lijaribu.

Maganda ya risasi nayo? Wengi watakutisha kwamba yatakupiga usoni kwa kuwa yanatokea kulia. Kwenye bunduki ndefu, ambapo shavu liko karibu na tundu la kutolea maganda, hofu hiyo ina msingi. Bastola iko mbali na uso, mikono imenyooka, na ganda huenda kulia na nyuma vile vile bila kujali triga imevutwa na kidole kipi. Linapokuja usoni, angalia kwanza mshiko uliolegea. Ninachokichunga zaidi ni kuvuta slaidi. Mkono wangu wa kulia unatokea upande wa tundu la maganda, kwa hiyo kiganja kinaweza kulifunika bila kukusudia. Nashika mistari ya nyuma ya slaidi tu, na nikiitoa risasi iliyomo chembani naiacha ianguke sakafuni. Kuidaka kiganjani juu ya tundu ni hatari, maana risasi ikigongwa vibaya inaweza kulipuka hapo hapo.

Jambo jingine kuhusu shabaha. Risasi zangu zilikuwa zikikusanyika chini kulia, na jirani yangu uwanjani, kwa nia njema, akaniletea ile chati maarufu ya makosa ya mpigaji na kushauri tusogeze kilengeo. Mwalimu akaitazama mara moja: "Igeuze hiyo chati." Chati hizo zimechorwa kwa mkono wa kulia, ambao hukosea chini kushoto unapoisukuma bastola kabla ya mlio. Kwetu sisi kila kitu kinageuka. Kilengeo hakikuguswa.

Gharama ambayo watu huisahau ni mkoba. Mkoba wa kushoto haupatikani kwa kila bastola. Ukinunua aina isiyojulikana sana kwa sababu ni rahisi, unaweza kujikuta unaagiza mkoba wa kutengenezewa, na hapo punguzo lote limeyeyuka. Glock 17 na 19, M&P9 na SIG P320 zina mikoba ya kushoto iliyo tayari, ya plastiki ngumu inayofunika triga yote. Mimi nilitafuta mkoba kwanza, nikaupata, ndipo nikanunua bastola. Kila ninayemshauri namwambia afuate mpangilio huo huo, baada ya kukamilisha kibali na mafunzo anayodaiwa na sheria za kwao.

Kiasi nilichookoa kilikwenda kwenye risasi za mazoezi. Milimita 9 iliyobuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20 ndiyo risasi ya bastola iliyoenea kuliko zote, na kwa kawaida bei yake ni ya chini kuliko risasi za kipimo cha .40 na .45, kwa hiyo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kweli kufanya mazoezi nayo.

Kama ningekuwa na bajeti ya kununua mpya leo, ningeweka mezani CZ P-10 C na Canik METE SFT kabla ya zile za majina makubwa, nizishike zote mbili kwa kushoto na kuchagua ile ambayo kidole cha shahada kinakifikia kitufe cha magazini bila mkono kusogea. Na kama muuzaji akinionyesha ya bei ya chini zaidi yenye swichi upande wa kushoto tu, naendelea na kabati linalofuata.