Triumph Speed Triple: kutoka 885 hadi 1200 RS

Pikipiki ya kwanza ya Speed Triple, 1994, ilikuwa na silinda tatu, cc 885, kabureta na taa moja ya duara. Toleo la T509 la 1997 ndilo lililoipa sura yake hasa: fremu ya alumini, injeksheni ya mafuta badala ya kabureta, taa mbili.

Ukitaka iliyotumika, tunapendekeza toleo la cc 1050, lililotoka 2005. Inavuta toka chini, hubadilishi gia ovyo. Kabla ya kulipa, weka mita ya volti kwenye betri kisha pandisha mizunguko ya injini hadi 5,000 kwa dakika: isipofika volti 13.5, shuku regyuleta (kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji betri), ambayo hupata joto sana hadi kuungua. Kagua na kitovu cha gurudumu la nyuma. Mnyororo wa pikipiki hii hukazwa kwa kulegeza bolti ya kubana, kisha kuzungusha kitovu kwa spana ya ndoano. Kisipopakwa grisi, uchafu na kutu hukigandisha kikagoma kabisa. Muuzaji akuzungushie mbele ya macho yako.

1200 RS ya 2021 ni mnyama mwingine: cc 1160, nguvu za farasi 180, kilo 198 tangi likijaa. Breki za Brembo na shoki za Öhlins ni safi mno, ila shoki hizo ni ngumu kwa barabara mbovu.