TAHADHARI WAUZA MITUMBA TANGA: TAPELI WA MABELO YUPO KANGE

Jamani wamachinga wenzangu wa Mgandini na Ngamiani, kuna jamaa anauza mabelo pale Kange stendi, msimsogelee kabisa. Ile hela aliyonitapeli mnajua wenyewe niliikopa kikoba, na mama wa kikoba kashaanza kunipigia tangu alfajiri.

Kanikuta napanga vitisheti vyangu vya watoto, kanisalimia Kiha. Kiha, Tanga hii! Tangu nitoke Kasulu, Kigoma, watu hapa wananiita mwisho wa reli, leo mtu ananiuliza hali ya mama kwa lugha ya nyumbani, we ungemfukuza? Akasema alikuwa na meza Karume, lile soko la mitumba Dar, lilivyoungua 2022 akabaki mikono mitupu ndo anashusha mzigo mikoani. Na Karume kweli iliungua, nani hajui.

Belo tukalikuta nyuma ya mabasi, kilo 45, ati gredi ya kwanza. Akachana kona kwa wembe akavuta kigauni cha pinki lebo ipo bado, kingine cha jinzi, na kisweta kina sungura kifuani. Nikavinusa, harufu ya mtumba yenyewe. Alisema laki nne, akashusha mpaka laki tatu na nusu "kwa vile wewe wa nyumbani". Nikamtumia kwa simu, nikakodi guta.

Nafungua barabara ya 12 wateja wameshanizunguka wanagombea kamera, yaani zile nguo kali kuliko zote kwenye belo, kumbe kamera yenyewe ndo vile vitatu tu! Chini yake majaketi ya baridi ya Ulaya, manene, mapazia yana kutu, soksi moja moja. Dada mmoja akanyanyua sidiria imekatika mkanda akaniuliza hii shilingi ngapi mwisho wa reli, kila mtu akacheka.

Mtu anayemwibia mgeni mwenzie kwa lugha ya mama yake huyo jela haimtoshi, achapwe kwanza viboko pale Mgandini asubuhi soko limejaa ndo apelekwe polisi!

Ee, na belo lilifungwa kamba za manila kwa mkono, sio mikanda ya mashine. Jina lililokuja kwenye simu la kike, akasema la mkewe. Kufungua lote hapohapo akakataa, eti basi linaondoka. Sasa hivi hapatikani.

Akionekana Kange au hata Muheza nipigieni muda wowote, nakuja na majaketi yote ayavae moja juu ya jingine asimame juani saa saba mchana.